Uwanja Ukitengenezwa, Kwa Nini Nafasi Hupungua?

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa mjini Garissa mbele ya viongozi wa timu za mitaa, walimu wa michezo, machifu, wazee na wawakilishi wa kina mama. Yamechapishwa hapa ili yawafikie pia wananchi ambao hawakuwapo.

 

Kuna lalamiko linalosikika popote uwanja unapofungwa kwa ukarabati kisha kufunguliwa tena. Mwananchi anaikumbuka fainali ya miaka ya nyuma. Watu walijaa hadi mstari wa kona, wengine wakapanda ukuta, wengine wakakaa juu ya matawi ya mgunga. Sasa uwanja umepakwa rangi, umewekwa viti, na tangazo langoni linataja idadi ndogo kuliko ile aliyoiona kwa macho yake. Neno la kwanza linalomtoka ni kwamba pesa zimeliwa. Kuuliza hivyo si kosa. Pesa ni za umma, na mwenye mali ana haki ya kuhesabu viti vyake kimoja kimoja. Lakini mara nyingi jibu la swali hili haliko kwenye vitabu vya mhasibu. Liko langoni.

Mfugaji hulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Mbuzi 300 wanaweza kubanwa katika zizi lililotengenezewa mbuzi 200, wakalala wamegusana ubavu kwa ubavu hadi alfajiri bila madhara. Shida huja usiku ambao fisi analia karibu na ua wa miiba. Kundi zima linakimbilia tundu moja, na asubuhi mwenye mali anaokota mizoga ambayo haina alama hata moja ya meno. Zizi halikuwa dogo kwa kulala. Lilikuwa dogo kwa kutoka.

Na kisimani ni hivyo hivyo. Wakati wa kiangazi ngamia hawaachiliwi wote birikani kwa pamoja, hata kama maji yanatosha. Kila kundi lina zamu yake na mzee wa kisima anaisimamia. Mzee huyo hapimi maji peke yake, anapima pia urefu wa birika.

Wahandisi wa viwanja wana kitabu chao cha kupimia, kilichoandikwa Uingereza na kinachofuatwa katika nchi nyingi. Kinajulikana kwa jina la Green Guide. Kilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1973, miaka miwili baada ya watu 66 kufa kwenye ngazi za uwanja wa Ibrox, mjini Glasgow, tarehe 2 Januari 1971. Watu wale walikuwa wanatoka, mpira umekwisha, wanarudi nyumbani.

Kitabu hicho kinataka kila uwanja uulizwe maswali manne. Ni watu wangapi wanaoweza kukaa au kusimama wakaona mchezo bila kubanwa? Ni wangapi wanaoweza kuingia kupitia milango iliyopo kwa muda wa saa moja? Ni wangapi wanaoweza kutoka kwa utaratibu wa kawaida kwa muda usiozidi dakika 8? Na ni wangapi wanaoweza kuondoka kwa haraka pakitokea hatari, kwa muda wa kati ya dakika mbili na nusu na dakika 8, kutegemea hatari ya moto na aina ya jengo? Kila swali linatoa namba yake. Idadi halali ya uwanja ni ile namba iliyo ndogo kuliko zote nne.

Hapo ndipo wengi hushangaa, kwa hiyo ni vizuri hesabu ifanywe hapa hapa mbele ya watu wote.

Chukueni uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Eneo lake ni mita za mraba 7,140. Kitabu kile kinakubali watu 47 wanaosimama katika kila mita 10 za mraba, na si zaidi. Kwa mkutano wa hadhara ambapo watu wanasimama mpaka katikati ya uwanja, eneo hilo kwenye karatasi linachukua watu zaidi ya 33,000. Mwandalizi akiona namba hiyo anafurahi.

Sasa zungusheni ukuta, kisha wekeni geti moja la upana wa mita 2. Kwenye njia iliyo tambarare, upana wa mita 1 hupitisha watu 82 kwa dakika. Geti la mita 2 hupitisha 164. Kwa dakika 8 hao ni watu 1,312. Ongezeni geti la pili lenye upana ule ule, wanakuwa 2,624. Uwanja ni ule ule, vumbi ni lile lile, lakini idadi yake imeshuka kutoka 33,000 hadi 2,624, na kilichoishusha ni ukuta.

Jambo hili linastahili kuangaliwa sana hapa kwetu Kaskazini Mashariki, kwa sababu viwanja vingi vya mitaa vilikuwa wazi pande zote. Mtoto wa Iftin au wa Bulla Punda alipotaka kuondoka aligeuka tu akatembea. Hakukuwa na lango kwa sababu kila upande ulikuwa lango. Kuzungushia uwanja ukuta ni jambo zuri: linauhifadhi dhidi ya wanyakuzi wa ardhi, linazuia malori kukatiza na mifugo kulala golini. Lakini siku ukuta unapokamilika, uwanja unapoteza nafasi, hata kama hakuna tofali lililowekwa ndani yake. Mkandarasi anayejenga ukuta wa mita mia nne na kuacha geti moja la kupitisha pikapu amejenga zizi.

Kwa watu 5,000 watoke kwa dakika 8, jumla ya upana wa mageti inatakiwa iwe karibu mita 8. Haitoshi yawepo kwenye mchoro. Yanatakiwa yafunguke kuelekea nje, yasiwe na kufuli wakati watu wako ndani, na pasiwe na meza ya muuza soda wala pikipiki iliyoegeshwa mbele yake. Geti lililofungwa kwa mnyororo huhesabiwa kuwa ukuta. Mjini Accra, tarehe 9 Mei 2001, polisi walirusha gesi ya kutoa machozi kwenye majukwaa katika mechi ya Hearts of Oak na Asante Kotoko. Watu walikimbilia ngazi za kushukia, wakakuta milango imefungwa. Zaidi ya watu 120 walikufa.

Tuseme basi mageti ya kutokea yanatosha. Lipo bado lile swali la kuingia, nalo hapa Garissa lina uzito ambao miji mingine haina.

Mlango wa kuzunguka, ule wa chuma unaopitisha mtu mmoja mmoja, huhesabiwa kupitisha watu wasiozidi 660 kwa saa, na hapo kila mmoja ana tiketi mkononi na hakuna anayepekuliwa. Garissa haiwezi kufungua mlango namna hiyo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na tangu hapo hakuna mkusanyiko mkubwa wa watu katika mji huu unaofanywa bila ukaguzi. Mifuko inafunguliwa, kifaa cha kugundua vyuma kinapitishwa mwilini, kina mama wanakaguliwa na askari wa kike, kama inavyostahili. Chukulieni kila mtu anatumia sekunde 15. Kituo kimoja cha ukaguzi kinapitisha watu 240 kwa saa. Vituo vinne vinapitisha 960. Milango ikifunguliwa saa mbili kabla ya mechi, wanaoingia kwa wakati ni 1,920. Uwanja unaweza kuwa na viti 5,000 vinavyong'aa, lakini kwa vituo vinne vya ukaguzi na saa mbili, siku hiyo ni uwanja wa watu 1,920.

Mwandalizi asiyefanya hesabu hiyo anajikuta na watu elfu tatu nje, filimbi imepigwa, goli limefungwa, kelele inasikika, na kila mmoja anataka kujua nani amefunga. Hatari ya mkanyagano mara nyingi huanzia hapo, nje ya lango. Wakenya wanalijua hili tangu tarehe 23 Oktoba 2010, siku ya Gor Mahia na AFC Leopards katika Uwanja wa Nyayo. Watu walisukumana langoni wakitaka kuingia, na saba wakafa. Walikwenda kutazama mpira wa jioni.

Mwaka 2015 ulileta somo jingine ambalo halikutokea uwanjani kabisa, lakini kila anayepima mlango wa kutokea analihitaji. Siku kumi baada ya shambulio la Garissa, alfajiri ya tarehe 12 Aprili, transfoma ya umeme ililipuka karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kikuyu. Wanafunzi waliokuwa wamelala walidhani ni magaidi. Wakakimbilia ngazi, wengine wakaruka kutoka ghorofa za juu. Mwanafunzi mmoja alikufa na zaidi ya 100 waliumia. Hakukuwa na mshambuliaji wala risasi. Ulikuwa mlio tu, uliowafikia watu ambao masikio yao yalikuwa bado Garissa.

Ndiyo maana kipimo cha kutoka hakifanywi kwa siku ya kawaida, ambapo mashabiki wanatoka taratibu wakibishana kuhusu penalti. Kinafanywa kwa siku ya mlio. Na mji ambao umewahi kuumizwa unatakiwa upewe nafasi kubwa zaidi langoni, kwa sababu watu wake huanza kukimbia mapema. Huo si woga. Ni kumbukumbu.

Ngazi nazo zina hesabu yake. Mtu hushuka ngazi polepole kuliko anavyotembea chini, kwa hiyo upana wa mita 1 wa ngazi huhesabiwa kupitisha watu 66 kwa dakika badala ya 82. Walimu waliopo hapa hawana haja ya kukumbushwa Shule ya Msingi ya Kakamega, tarehe 3 Februari 2020, ambapo watoto 14 walikufa kwenye ngazi za jengo la ghorofa wakati wa kwenda nyumbani. Majukwaa ya juu yanapendeza kwenye picha, lakini kila mtu anayepandishwa juu anahitaji ngazi ya kumshusha, na ngazi hiyo inakula nafasi ya viti.

Sasa viti vyenyewe. Zamani majukwaa yetu yalikuwa madaraja ya saruji tu. Kwenye daraja la urefu wa mita 10, watu waliobanana, kila mmoja na sentimita 35 zake, ni 28. Kiti cha mtu mmoja chenye upana wa sentimita 50 kikiwekwa, daraja hilo hilo linachukua 20. Jukwaa lililokuwa likibeba watu 7,000 wa kubanana linabaki na viti 5,000 bila mtu yeyote kuiba chochote. Toeni tena nafasi za vijia, maana mtu aliyekaa hatakiwi kuruka viti zaidi ya 14 kabla hajafika njia ya kutokea. Toeni viti vilivyo nyuma ya nguzo ambavyo havioni goli. Toeni nafasi za watu wenye ulemavu, kwa sababu anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji nafasi pana zaidi ya kiti cha kawaida, na msaidizi wake akae kando yake na si ng'ambo ya uwanja. Kila kinachotolewa kina mwenyewe anayekihitaji.

Wengine watauliza: kwani ni lazima viti vya mtu mmoja mmoja? Kwa mechi za mtaa, si lazima. Kwa mechi za kimataifa, Shirikisho la Soka Afrika, CAF, linavitaka, pamoja na taa, vyumba vya wachezaji na mambo mengine mengi. Kenya ilionja uchungu wa kukosa uwanja uliokubalika. Juni 2024 Harambee Stars walicheza mechi zao za nyumbani dhidi ya Burundi na Côte d'Ivoire nchini Malawi. Septemba na Oktoba mwaka huo waliwapokea Zimbabwe na Kamerun huko Namboole, Uganda. Timu ya taifa ilikuwa mgeni kwenye mechi zake yenyewe.

Kisha ikaja Agosti 2025, na mashindano ya CHAN yaliyoandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Kisa cha Kasarani kinafaa kuelezwa polepole kwa sababu hapo nafasi zilipungua bila kiti hata kimoja kung'olewa.

Kasarani ilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, na kwa miaka mingi ilitajwa kuwa uwanja wa watu 60,000. Ilipowekewa viti na kukarabatiwa, namba hiyo ilishuka chini ya 50,000. Hakuna aliyelalamika sana. Tarehe 10 Agosti Kenya ilicheza na Morocco, ikabaki na wachezaji kumi, na bado ikashinda bao 1-0. Nchi nzima ilikesha kwa furaha. Lakini langoni mambo yalikuwa mengine: watu wasio na tiketi walivunja vizuizi na kuingia kwa nguvu. Ilikuwa si mara ya kwanza katika mashindano hayo. CAF ikaamua kwamba mechi iliyofuata, dhidi ya Zambia tarehe 17 Agosti, iwe na mashabiki 27,000 tu, yaani asilimia 60 ya uwezo wa uwanja. Tiketi za karatasi zikapigwa marufuku, zikabaki za kielektroniki, na onyo likatolewa kwamba vurugu zikirudiwa mechi za Kenya zinaweza kuhamishwa.

Saruji ya Kasarani haikuwa imepasuka kati ya tarehe 10 na tarehe 17. Viti vilikuwa vile vile, milango ile ile. Kilichoshuka thamani ni usimamizi. Kile kitabu cha Waingereza kina namna ya kuliandika jambo hili kwa hesabu. Uwanja hupewa alama mbili, moja ya hali ya jengo na nyingine ya usimamizi wa usalama, kila moja kati ya 0 na 1. Idadi ya viti huzidishwa kwa alama iliyo ndogo. Jengo linaweza kupata 1 kamili, lakini usimamizi ukipata 0.6, basi asilimia 40 ya viti vinakaa vitupu. Shabiki aliyeruka uzio bila tiketi tarehe 10 ndiye aliyemnyima kiti shabiki mwenye pesa yake tarehe 17. Kenya iliwafunga Zambia 1-0 mbele ya 27,000 hao, ikaongoza kundi, kisha ikatolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali tarehe 22 Agosti.

Kuna watakaosema adhabu ile ilikuwa kali kupita kiasi. Ukali wake unaonekana tofauti kwa anayekumbuka Januari 2022 huko Yaoundé, Kamerun, ambapo watu wanane walikufa langoni mwa uwanja wa Olembé siku Kamerun ilipocheza na Komoro katika Kombe la Afrika. Siku ile pia idadi ilikuwa imewekewa kikomo, kwa sababu ya korona. Kikomo kilihesabu viti vya ndani. Hakikuwahesabu watu waliokuwa nje.

Uingereza yenyewe, iliyoandika kile kitabu, haikupunguza viti vyake kwa hiari. Tarehe 15 Aprili 1989 katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa nyuma ya uzio wa chuma katika eneo la kusimama. Waliokufa ni 97. Baadaye ilibainika kwamba idadi iliyoandikwa kwenye cheti cha eneo lile ilikuwa kubwa kuliko ilivyotakiwa, na ilikuwa imekaa hivyo kwa miaka, ofisi moja ikiipokea kutoka kwa nyingine. Hakuna aliyekwenda na kipimo. Jaji Taylor alitoa ripoti yake Januari 1990, na vilabu vya madaraja mawili ya juu vikaamriwa kuweka viti kila mahali kabla ya msimu wa 1994. Jukwaa la Kop pale Anfield, lililokuwa likibeba watu wapatao 28,000 wakiwa wamesimama, lilijengwa upya likabaki na viti 12,000 na kidogo. Wazee wa Liverpool waliomboleza jukwaa lao, na walikuwa na haki ya kuomboleza, kwa sababu uimbaji wa watu waliosimama haufanani na wa waliokaa. Lakini uzio wa mbele uliondolewa, na haukurudishwa.

Maracanã ya Rio de Janeiro ilibeba watu zaidi ya 170,000 katika mechi ya mwisho ya Kombe la Dunia 1950. Leo haifiki 80,000.

Ipo pia sababu isiyohusu hatari, nayo isemwe kwa ufupi. Viti vitupu vina gharama. Vinapauka kwa jua, vinavunjika, vinahitaji maji ya kuoshwa, na jukwaa kubwa lisilojaa huifanya hata mechi nzuri ionekane kama msiba usio na waombolezaji. London walijenga uwanja wa watu 80,000 kwa Olimpiki ya 2012, kisha wakaupunguza hadi karibu 60,000 walipoupangisha klabu ya mpira. Kaunti inayopanga uwanja inafaa iangalie mechi ya Jumamosi ya kawaida, si ile siku moja ya mwaka ambayo rais anakuja. Zanzibar inalijua hili: Mei 2025, Uwanja wa Mkapa wa Dar es Salaam, wenye viti 60,000, ulipokosa kibali kwa sababu ya hali ya nyasi zake, fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane ilipelekwa Amaan, uwanja wa watu 15,000. Fainali ya Afrika ilitosha humo.

Siku moja ya mwaka, hata hivyo, inakuja. Wajir ilipotangazwa kuwa mwenyeji wa sherehe za Madaraka za mwaka 2026, kila kaunti jirani ilijiuliza kama ingeweza kupokea umati wa namna hiyo. Jibu la busara kwa siku kama hizo ni kuandaa sehemu ya pili, uwanja wa wazi wenye skrini kubwa, maji na kivuli, na kuutangaza wiki mbili kabla, ili anayetoka Modogashe au Masalani asifike langoni ndipo aambiwe pamejaa.

Kivuli kimetajwa, na hakiwezi kupitwa juu juu. Vitabu vya Ulaya vinaongelea mvua. Garissa, katika miezi ya joto, nyuzi 35 za mchana ni jambo la kawaida, na jukwaa lisilo na paa halina watu saa tisa alasiri hata kama lina viti elfu mbili. Watu wote hujazana upande wenye kivuli. Uwanja unaweza kuwa na nafasi ya kutosha kwa jumla na bado ukawa na msongamano wa hatari upande mmoja. Kwa hiyo anayehesabu nafasi hapa ahesabu kivuli kwanza. Na kwa kuwa ukweli husemwa, hema la wageni wa heshima lisiwekwe kila mara kwenye kivuli pekee kilichopo, likiziba njia ya kina mama na watoto. Hilo limeonekana mara nyingi mno, na kulirekebisha hakuhitaji bajeti.

Machifu na wasimamizi wa wadi watauliza jukumu hili ni la nani. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti viwanja na huduma za michezo, na orodha hiyo hiyo imezipa kaunti kazi ya kuzima moto na kukabili majanga. Anayefungua uwanja na anayeleta gari la wazimamoto ni serikali moja. Kabla ya mashindano yoyote yenye kiingilio au mgeni rasmi, mambo matatu yaandikwe kwenye karatasi: upana wa kila geti, idadi ya vituo vya ukaguzi, na jina la mtu anayeshika ufunguo wa kila kufuli. Anayeshika ufunguo asimame getini mwanzo hadi mwisho, asiende kutazama penalti. Ambulensi iwe na njia yake ambayo haikatizi njia ya watu.

Idadi ikifika, lango lifungwe kwa upole lakini lifungwe, na kufungwa huko ni kwa wanaoingia tu. Hapa ndipo vijana wa mpira wana kazi ngumu kuliko wahandisi, kwa sababu anayeachwa nje si mgeni. Ni binamu, ni jirani, ni mzee aliyemfundisha mtu Kurani. Msimamizi wa lango atasihiwa kwa majina ya ukoo wake wote. Inasaidia asiwekwe peke yake, na mzee mmoja anayeheshimiwa asimame naye, kwa sababu mtu humjibu askari kwa ukali lakini humsikiliza mzee.

Kwa timu zenye mechi wiki hii, hesabu inaweza kuanza kesho asubuhi. Chukueni tepu ya fundi, pimeni upana wa geti la uwanja wenu kwa mita, zidisheni kwa 82, kisha kwa 8. Namba itakayotoka iandikwe kwa rangi juu ya geti, upande wa nje, mahali ambapo anayekuja na anayeuza tiketi wote wanaiona.